Michael Hamburger: Miaka Sitini na Mshairi Mmoja

Mwaka 1943 ilitimia miaka 100 tangu kufa kwa mshairi wa Kijerumani Friedrich Hölderlin, na utawala wa Wanazi haukukubali nafasi hiyo iupite. Katika mji wa Tübingen, ambako mshairi huyo aliishi nusu ya pili ya maisha yake akiwa mgonjwa wa akili nyumbani kwa fundi seremala, kilizinduliwa chama cha kumuenzi, na mlezi wake akawa Joseph Goebbels, waziri wa propaganda. Chapa maalumu ya mashairi yake ikatolewa ili askari waende nayo vitani. Mwaka huohuo, huko Uingereza, kilitoka kitabu kingine cha Hölderlin, hiki kikiwa kwa Kiingereza. Mfasiri wake alikuwa kijana wa miaka 19, Michael Hamburger, mtoto wa familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Berlin miaka kumi kabla. Mashairi ambayo serikali iliyomfukuza ilikuwa inayageuza kuwa mali yake, yeye aliyatia mikononi mwa wasomaji wa nchi iliyompokea.

Wanaomkumbuka Hamburger leo aghalabu humpima kwa wingi wa kazi zake, na kweli ni nyingi, kwani alifasiri Hölderlin, Hofmannsthal, Rilke, Brecht, Nelly Sachs, Günter Grass, Hans Magnus Enzensberger, Peter Huchel, Paul Celan, na mwishoni W. G. Sebald. Mimi naona kipimo hicho hakimtendei haki. Jambo lililomfanya awe msomi wa fasihi ya Kijerumani wa aina ya pekee ni kwamba hakuwahi kuihesabu tafsiri yake kuwa imekwisha. Kitabu kile cha 1943 alikitengeneza upya mwaka 1952, akakipanua mwaka 1966 kwa jina la Poems and Fragments, akakirudia 1980, tena 1994, na toleo la mwisho likatoka 2004, yeye akiwa na umri wa miaka 80. Hiyo ni miaka 61 na mshairi mmoja. Tafsiri inayorudiwa kwa namna hiyo ni utafiti kamili, na tena ni utafiti unaojipima hadharani, kwa kuwa matoleo yote yapo na yeyote anaweza kuyalinganisha.

Alizaliwa Berlin tarehe 22 Machi 1924. Baba yake, Richard Hamburger, alikuwa profesa wa tiba ya watoto katika hospitali ya Charité. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 familia ilihamia Edinburgh, ambako daktari huyo mwenye jina kubwa alilazimika kufanya mitihani upya ili aruhusiwe kutibu Uingereza, kisha wakahamia London. Baba alifariki mwaka 1940. Ndugu mdogo wa Michael, Paul, alibadilisha ubini akawa Hamlyn na kuja kuwa mmoja wa wachapishaji wakubwa wa vitabu Uingereza. Michael alisoma shule ya Westminster, akaenda Oxford, na mwaka uleule wa kitabu chake cha kwanza akaingia jeshi la Uingereza, akatumikia mpaka 1947 na kufika Italia na Austria. Baadaye alikuwa mhadhiri wa Kijerumani London na Reading, hadi alipoiacha ajira hiyo mwaka 1964.

Kwa nini kitabu kimoja kihitaji matoleo sita? Jibu la kwanza liko kwenye miswada ya Hölderlin mwenyewe. Mashairi yake makubwa ya mwisho hayakuachwa yakiwa safi. Yalibaki katika karatasi zilizofutwa na kuandikwa juu, mstari juu ya mstari, na kwa karne nzima wahariri waliyachukulia kuwa matokeo ya ugonjwa wake. Mhariri Norbert von Hellingrath ndiye aliyeyafufua kabla ya kuuawa vitani Verdun mwaka 1916. Toleo kuu la kitaalamu la Stuttgart lilianza kutoka mwaka 1943, na juzuu yake ya mwisho ikatoka 1985. Hata kabla halijakamilika, tangu 1975 toleo shindani la Frankfurt lilikuwa limeanza kuonyesha picha za miswada yenyewe ili msomaji aone kila kilichofutwa. Kuna tukio moja linaloeleza hali hii kuliko maelezo marefu: nakala safi na kamili ya utenzi wa Friedensfeier, mmoja wa mikubwa kabisa ya Hölderlin, iliibuka London mwaka 1954. Mfasiri wa 1943, na hata yule wa 1952, hakuwa na matini hiyo. Angeiacha kazi yake ilivyokuwa, wasomaji wa Kiingereza wangeendelea kumsoma Hölderlin ambaye wataalamu wa Kijerumani walikuwa wameshampita.

Jibu la pili linahusu sanaa. Hölderlin alizitunga odi zake kwa mizani ya Kiyunani cha kale, na msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu mizani na kusikiliza vina hahitaji kufundishwa hasara ya kuliondolea shairi umbo lake. Hata hivyo, Kiingereza hakikuwa na mazoea ya mizani hiyo. Kadiri miaka ilivyokwenda Hamburger alizidi kuamini kwamba pumzi ya shairi, mahali linapositasita na mahali linapokimbia, ni sehemu ya maana yake. Katika Poems and Fragments odi zinafuata mwendo wa asili, Kijerumani upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ili anayejua lugha zote mbili amkamate mfasiri mahali popote alipoteleza. Anayepanga kitabu hivyo anakaribisha kusahihishwa, na matoleo yaliyofuata yanaonyesha kwamba alisahihisha kweli.

Yako mapingamizi, na la kwanza ni zito. Inasemekana kwamba tafsiri ya ujanani ina moto ambao marekebisho huuzima, na kwamba mzee anayemsahihisha kijana aliyekuwa yeye mwenyewe huishia na kazi iliyo sahihi lakini baridi. Kwa baadhi ya wafasiri hilo limetokea. Lakini pingamizi hili huchukulia kwamba sababu ya kurudia ni woga wa makosa tu. Kwetu tunao mfano unaoonyesha sababu nyingine. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akiwa na mzigo wa nchi changa, kisha akarudi kuisahihisha na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Kilichomrudisha mezani mtu mwenye shughuli zile ni heshima kwa lugha mbili na kwa msomaji. Hamburger alikuwa na heshima hiyohiyo, tena yeye alikuwa na miongo sita ya kuitimiza.

Wengine wanasema usomi wake uko katika vitabu vya uhakiki, na kwamba tafsiri ni pembeni. Ni kweli kwamba Reason and Energy cha 1957 na The Truth of Poetry cha 1969 ni vitabu vya mtu aliyesoma sana. Hicho cha pili kinaupitia ushairi wa kisasa wa lugha kadhaa tangu Baudelaire, na bado kinasomwa. Lakini ukivisoma kwa makini utaona kwamba hukumu zake zilizo imara zinatoka kwa mtu aliyebeba mashairi hayo mstari kwa mstari. Mwaka 1962, pamoja na Christopher Middleton, alitoa mkusanyo wa ushairi wa Kijerumani wa 1910 hadi 1960, na baadaye akaufungulia mlango ushairi wa Ujerumani ya Mashariki wakati ambapo huko Magharibi wengi waliuona kuwa propaganda tupu. Mmoja wa washairi wa huko, Peter Huchel, alikuwa ameondolewa uhariri wa jarida la Sinn und Form mwaka 1962, akaishi miaka tisa chini ya uangalizi wa wapelelezi kabla ya kuruhusiwa kutoka nchini mwaka 1971. Kumchagua mshairi wa aina hiyo na kumfasiri kulikuwa ni kutoa hukumu ya kihakiki, hukumu ambayo mhakiki asiyefasiri angeitoa kwa aya moja na kuendelea na safari.

Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa Paul Celan. Wazazi wake waliangamia katika kambi za Transnistria, na bado aliendelea kuandika kwa Kijerumani, lugha ya mama yake na ya waliomuua, mpaka alipojitosa mtoni Seine mwaka 1970. Jarida moja la London liliwahi kuchapisha uhakiki usio na jina la mwandishi, ukiyaita mashairi yake mafumbo yaliyofungwa, na Celan akamshuku Hamburger. Katika nakala ya diwani yake Die Niemandsrose akamwandikia kwamba mashairi yake hayakufungwa hata kidogo. Hamburger hakuwa mwandishi wa uhakiki ule, lakini shaka ile ilibaki kati yao. Wapo ambao wangesusa. Yeye aliichukua kauli ya mshairi kama masharti ya kazi: akafasiri yale tu aliyoweza kuyaingia kwa kiasi cha kutosha, akayaacha yaliyomshinda, na akaongeza mengine polepole kadiri ufahamu ulivyokua. Mashairi kumi na tisa ya 1972 yakawa kitabu kikubwa mwaka 1980, kikapanuka tena mwaka 1988, na mwaka 1990 kikapata tuzo ya tafsiri ya Ulaya. Wafasiri waliomfuata wamemfasiri Celan kwa ukamilifu zaidi, na hilo ni jema. Sidhani kama yupo aliyekuwa mkweli zaidi kuhusu mpaka wa anachokielewa.

Hapa linaingia pingamizi ambalo halihusu ufundi. Kwa nini mkimbizi autumie uhai wake kuitumikia lugha ya serikali iliyotaka kuwafuta watu wake? Swali hilo ni halali, na asiyeuonja uhamisho asilijibu kwa wepesi. Lakini jibu liko katika ule mwaka 1943. Kama Hölderlin angeachwa mikononi mwa Goebbels, Goebbels angekuwa ameshinda hata baada ya kushindwa vitani. Kuyatoa mashairi yale kwa sauti nyingine na kwa wasomaji wengine kulikuwa ni kukataa dai la kwamba lugha ni mali ya dola. Tena angalia aliowachagua baada ya vita: Sachs aliyekimbilia Sweden, Celan aliyeishi Paris, Huchel aliyefungiwa nyumbani kwake, Enzensberger na Grass waliowauliza baba zao maswali magumu. Hiyo ni Ujerumani nyingine kabisa, na wasomaji wengi wa Kiingereza waliifahamu kupitia kwake.

Wahakiki wa Kiingereza walimlaumu pia kwamba tafsiri zake zinasikika kigeni. Katika miaka ya 1960 mtindo uliopendwa ulikuwa wa mshairi Robert Lowell, ambaye mwaka 1961 alichapisha alichokiita maigizo, yaani mashairi ya wengine yaliyotungwa upya kwa hiari ya mfasiri. Hamburger aliupinga mtindo huo. Ni kweli kwamba baadhi ya mistari yake ni mizito, na sentensi ndefu za Hölderlin hazikai kwa raha ndani ya Kiingereza. Ila ugeni huo umo katika asili yenyewe. Hölderlin mwenyewe alifasiri tamthilia mbili za Sophocles mwaka 1804 kwa kukipinda Kijerumani kifuate Kiyunani, na wasomi wa siku zake wakamcheka. Karne moja baadaye tafsiri hizohizo zilihesabiwa kati ya kazi kuu za lugha hiyo. Mfasiri anayemlainisha mtu kama huyo anampa msomaji mshairi ambaye hakuwahi kuwepo.

Kazi hii ilimgharimu. Alikuwa mshairi, mwenye diwani nyingi zake mwenyewe kwa Kiingereza, na alilalamika kwa miaka kwamba kila alikoalikwa aliulizwa habari za tafsiri. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Mashairi yake kuhusu miti, ndege na misimu hayajapata wasomaji yanaostahili. Tangu miaka ya 1970 aliishi kijijini Middleton, mkoa wa Suffolk, akiotesha kwa mbegu aina za tufaha za kale zilizokuwa zinapotea, na ndivyo Sebald alivyomkuta na kumwandika katika kitabu chake The Rings of Saturn. Suffolk hiyohiyo ndiko alikoishi Edward FitzGerald, aliyetoa Rubaiyat ya Omar Khayyam kwa Kiingereza mwaka 1859 na kuirekebisha mara tatu zaidi akiwa hai. Ni kazi hiyo ya FitzGerald ambayo Shaaban Robert aliitumia kutupatia Omar Khayyam kwa Kiswahili.

Hamburger alifariki tarehe 7 Juni 2007, siku ileile ya mwaka aliyofariki Hölderlin, na kazi yake inawadai kitu wachapishaji wetu. Mchapishaji anayeitoa tena tafsiri ya zamani ya Kiswahili asiipeleke mtamboni ilivyo. Kama mfasiri yu hai, ampe muda na malipo ya kuipitia upya akiwa na matini bora ya asili mbele yake. Kama amefariki, kazi hiyo apewe mtu anayezijua lugha zote mbili, masahihisho yaelezwe kwenye dibaji, na majina yao wote wawili yawekwe kwenye jalada.