Panya wa Kasapa, bandama, na siku tatu baada ya kisu

Wandugu wahitimu, na ninyi mungali ku masomo, ukitaja Kasapa hapa Lubumbashi mtu anawaza vitu viwili: chuo ao gereza. Lakini ku labo za London, New York ao Leiden, wako watu hawajakanyaga Katanga hata siku moja na wanaandika jina letu kila wiki bila kujua. Wanatumia malaria ya panya inayoitwa ANKA. KA ni Kasapa. Ilitolewa ndani ya mbu wa hapa kwetu miaka ya 1960.

Hadithi yenyewe inaanza mbele ya pale. Mwaka 1948, mji ungali ukiitwa Elisabethville, Wabelgiji wawili, Ignace Vincke na Marcel Lips, walikuwa wanachunguza damu ya panya wa pori anayeishi juu ya miti kando ya mto Kisanga. Jina lake la kisayansi ni Grammomys surdaster. (Ndiyo, Kisanga ile ile.) Ndani ya damu ile walikuta kidudu cha malaria ambacho hakuna aliyekuwa amekiandika. Wakakiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe.

Juu ya nini dunia ilifurahi? Kabla ya pale, mtu aliyetaka kujaribu dawa ya malaria alitumia kuku na ndege wengine, ao nyani, na nyani ni ghali. Kidudu cha Kisanga kilikubali kuishi ndani ya panya mweupe wa kawaida, yule anayezaa kila mwezi na kula kidogo. Mwaka 1967, New York, Ruth Nussenzweig na wenzake walichukua kidudu hiki katika hali ile mbu anakiingiza mwilini, wakakipiga mionzi, wakakidunga ndani ya panya, na panya wale wakapata kinga. Njia ya chanjo ya malaria tuliyo nayo leo ilipitia pale. Tunaweza kujivuna kidogo.

Mimi nataka tubaki na panya wenyewe.

Kinga ya malaria ina shughuli kubwa ndani ya bandama, ile wengine wanaita wengu. Njo maana watafiti walianza kuitoa ili waone panya asiye nayo atafanya nini. Mwaka 1954 Avivah Zuckerman na Meir Yoeli walitoa kazi yao juu ya panya wakubwa na wadogo, wenye bandama na wasio nayo, wote wakiambukizwa berghei. Panya mkubwa kwa kawaida anaivumilia malaria hii. Ukimtoa bandama, uvumilivu unavunjika. Ni kazi ya maana. Lakini wewe uliyesoma mambo ya mifugo ao ya tiba, simama kidogo kwenye neno "kutoa". Unapasua ubavu wa kushoto, unavuta bandama nje, unafunga mishipa na uzi, unakata, unashona nyama, unashona ngozi. Kwa mtu, operesheni kama ile ni siku nyingi za kitanda na sindano.

Niliifanya mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, katika labo ambayo nitaiacha bila jina. Tulikuwa na panya kumi na wawili. Dawa ya usingizi tulikuwa nayo, na nilijivunia mkono wangu: hakuna aliyekufa mezani. Baada ya kushona tuliwarudisha ku kizimba, tukaosha vyombo, tukaenda kula. Kesho yake walikuwa wamejikunja, manyoya yamesimama, chakula kiko vile tulivyokiacha. Asistan akasema wanapumzika. Ndani ya ripoti nikaandika: "Wanyama waliamka bila shida."

Sentensi ile si yangu peke yangu. Eteri ilionyeshwa Boston mwaka 1846, na tangu pale daktari alikuwa na jibu kwa maumivu ya wakati wa kisu. Maumivu ya kesho yake yalibaki bila mwenyewe. Sheria ya Uingereza ya 1876 ilidai mnyama wa jaribio alazwe usingizi, na kama maumivu yangeendelea, auawe kabla hajaamka. Kumwamsha na kumtuliza halikuwa wazo lililozoeleka. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliandika kitabu kilichodai mambo matatu: tafuta njia isiyotumia mnyama, punguza idadi, punguza mateso. Marekani ilipata sheria ya wanyama wa labo mwaka 1966, na mwaka 2002 ikaandika wazi kwamba panya wanaozalishwa kwa utafiti hawamo ndani yake. Panya! Wale ambao labo zimejaa wao.

Waingereza wawili, Richardson na Flecknell, walisoma makala za upasuaji wa panya za 1990 mpaka 1992, wakahesabu ngapi zinataja dawa ya maumivu. Asilimia 3. Wakasoma za miaka kumi mbele: asilimia 20. Kwa hiyo ile labo yetu haikuwa ya ajabu.

Tatizo moja ni panya mwenyewe. Ni mnyama anayeliwa na kila kitu, paka, nyoka, bundi (na sisi, tusidanganyane, wengi tumekula panya wa pori). Akionyesha udhaifu anakufa. Tena anaamka usiku, wakati mtafiti yuko nyumbani. Ilibidi watu wajifunze kumtazama. Ku Newcastle, Flecknell na Roughan walikaa wakichunguza panya waliopasuliwa tumbo, wakaona vitu vidogo: anakunja mgongo kama paka, anabana tumbo chini, anayumba akitembea, ngozi inashtuka. Mwaka 2010 kundi la Jeffrey Mogil, Kanada, lilionyesha hata uso unasema: macho yanabanwa, pua na mashavu yanavimba, masikio na sharubu vinabadilika. Unampa alama 0, 1 ao 2 kwa kila kitu. Hakuna mashine hapo, ni macho yako na subira.

Dawa nazo ziko. Buprenofini, meloksikamu, karprofeni. Lidokeini ya kudunga pale utakapokata. Bora kuanza kabla ya kisu, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Wale wa Newcastle walichanganya hata buprenofini ndani ya jeli tamu, panya akaila mwenyewe bila kushikwa. Dawa ndani ya maji ya kunywa ni mtego: panya mwenye maumivu hanywi.

Nilimwelezea haya rafiki yangu mmoja, leo ni daktari wa watu. Akacheka. "Weye, unasikilia panya huruma? Batu beko banateseka ku opitali, morfini hakuna!" Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, morfini nyingi ya dunia inatumika ku inchi tajiri, na mgonjwa wetu wa kansa anauma meno. Siwezi kumwambia mama yake kwamba buprenofini ya panya ni haki.

Lakini nilimwambia tuache huruma pembeni, tuongee hesabu. Maumivu yanapandisha homoni za mshituko, na homoni zile zinashusha kinga. Sasa wewe unapima kinga! Ni kweli morfini nayo inagusa kinga, kwa hiyo lazima uchague dawa kwa akili na kuwapa makundi yote sawasawa. Kutompa panya kitu si kubaki safi: umeongeza ndani ya jaribio kitu ambacho hujakiandika popote.

Alinyamaza, kisha akauliza: "Na ile ripoti yako?"

Ningali nayo. Wiki iliyopita niliifungua. Kuna jedwali la uzito, siku ya kwanza mpaka ya tatu, na chini yake mimi nimeeleza kwa maneno makubwa kwamba malaria inapunguza uzito mapema. Panya namba 4 alipoteza gramu 22. Nikafuata mstari wake kwa kidole mpaka safu ya mwisho. Namba 4 alikuwa wa kundi la kulinganisha. Hatukumdunga malaria yoyote.