Mbolea ya Serikali Humfikia Nani?

Usikiapo kwamba serikali imepunguza bei ya mbolea, usiridhike na habari hiyo peke yake. Uliza pia: ni nani aliyeandikwa katika daftari la kuipokea? Ruzuku ni fedha ya umma itolewayo ili kumpunguzia mkulima gharama. Lakini hainyeshi sawasawa juu ya kila shamba kama mvua ya Kericho. Ina mlango wake, na mlangoni pana bawabu.

Tuanze na zamani. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai Kericho, juu ya ardhi iliyotwaliwa kwa Wakipsigis. Mwaka 1931 Benki ya Ardhi ilianza kuwakopesha walowezi wa Kizungu. Vita Kuu ya Pili ilipoleta haja ya chakula, sheria ya mwaka 1942 iliwaahidi walowezi malipo ya kima cha chini kwa kila eka, hata mavuno yakiharibika, pamoja na msaada wa kuvunja ardhi mpya. Mkipsigis naye alilima mahindi, lakini yake yalinunuliwa kwa bei iliyo chini ya ile ya Mzungu. Bawabu wa siku hizo alitazama rangi ya ngozi.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika kilimo cha mazao ya biashara, chai ikiwamo, na ukahimiza mashamba yapimwe na kuandikiwa hati. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la KTDA, lililowahudumia wakulima wadogo. Liliwapa miche na mafunzo, likawakopesha mbolea, kisha likakata deni katika malipo ya majani yao. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nalo liliinua nyumba nyingi. Hata hivyo bawabu hakuondoka, ila alibadili swali lake. Sasa aliuliza namba ya mkulima, na namba ilifuata ardhi, na ardhi kwa kawaida iliandikwa kwa jina la mume. Mke aliamka alfajiri, akachuma majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu mpaka kituo cha kupimia. Lakini fedha ilikwenda kwa mwenye namba.

Sasa tuje karibu. Mwezi wa Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Wakulima waliandikishwa kwa msaada wa machifu, wakapata ujumbe kwa simu, wakaenda kuchukua mifuko ghalani. Wengi walinufaika, na si haki kulikana jambo hilo. Lakini fikiri juu ya mjane ambaye shamba lake lingali katika jina la baba mkwe aliyekufa, au kijana aliyekodi shamba la jirani. Fikiri pia juu ya mwenye robo eka aishiye mbali na ghala, ambaye nauli humla nafuu yote. Mchumaji wa shamba kubwa, asiye na ardhi, hapati hata konzi moja. Na mwenye eka kumi huchukua mifuko mingi kuliko mwenye eka moja, ingawa ndiye awezaye kuinunua kwa bei ya dukani. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Tena, mwaka 2024 baadhi ya mifuko ya ruzuku iligunduliwa kuwa na mbolea duni. Aliyeumia zaidi ni yule asiyekuwa na fedha ya kununua mara ya pili.

Basi jifunze kulitazama daftari kabla ya kuhesabu mifuko. Ukirudi nyumbani likizo, uliza namba ya chai imeandikwa kwa jina la nani, na ni nani anayechuma. Kesho huenda ukawa karani, chifu au bwana shamba, na kalamu ya kuandika majina ikawa mkononi mwako.