Udongo wa Mbuga na Nyika ya Tanga: Neno, Sayansi na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Mtafiti anayesoma nyaraka za kale kuhusu nyika ya Tanga hukutana na neno "mbuga" mapema sana, na aghalabu hulipita bila kusimama. Kwa msomaji wa leo neno hilo humaanisha kwanza hifadhi ya wanyamapori. Kwa wasemaji wa awali lilikuwa uwanda wazi usio na miti mingi, ambao mvua huugeuza tope na kiangazi huupasua. Kwa wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki limekuwa istilahi kamili: udongo mweusi au wa kijivu, wenye mfinyanzi mwingi na alkali, unaokaa mabondeni na kwenye tambarare kavu. Makala haya yanadai kwamba historia ya nyika iliyo kati ya Usambara, Upare na mto Umba haiwezi kuandikwa sawasawa ikiwa maana hii ya tatu itaachiwa wanasayansi peke yao. Dai lililorudiwa mara nyingi, kwamba nyika hiyo imeharibiwa na mifugo, linategemea kwa kiasi fulani namna mtu anavyousoma udongo.

Wanahistoria wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania wameandika mengi kuhusu mazingira. Helge Kjekshus (1977) aliuweka mjadala wa mbung'o, sotoka na vichaka katikati ya historia ya Tanganyika. James Giblin (1992) aliufuata mjadala huo katika Uzigua, akionyesha jinsi mamlaka za kijamii zilivyohusika katika kudhibiti maradhi ya mifugo. Steven Feierman (1974) alieleza jinsi Washambaa walivyoitofautisha Shambaai, nchi ya milimani, na nyika iliyo chini yake. Katika kazi hizo zote tunaona mimea, wadudu na watawala. Udongo upo, lakini kwa mbali.

Udongo wenyewe

Milima ya Usambara na Upare imejengwa kwa miamba ya kale sana, hasa naisi, iliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Kwenye miinuko ya Usambara Mashariki, ambako Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, maji hupenya udongo na kuusafisha. Kalisiamu, magnesiamu, sodiamu na sehemu kubwa ya silika huyeyuka na kuondoka. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye chuma na mfinyanzi wa aina ya kaolini, ambao una tindikali na hauvimbi.

Mambo hubadilika upande wa pili wa milima, kwenye kivuli cha mvua. Huko jua huvukiza maji mengi kuliko mvua inavyoleta, na maji yanayoteremka kutoka kwenye miteremko ya jirani hayapati njia ya kutoka. Yale yaliyoyeyuka juu hutuama chini. Silika na magnesiamu huungana na kujenga mfinyanzi wa aina nyingine, smektaiti, wenye matabaka yanayoweza kuingiza maji katikati yake. Kalisiamu hushikana na hewa ya ukaa na kuwa chokaa, ambayo huonekana ndani ya udongo kama vijiwe vyeupe. Kwa sababu hii udongo wa mbuga hauwezi kuelezwa kwa kuutazama wenyewe tu. Umetengenezwa kwa mali iliyohama kutoka mahali pengine.

Tabia zake zinafuata muundo huo. Ukilowa huvimba na kuziba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo zinaweza kufika kina cha mita moja au zaidi. Chembechembe za juu huanguka ndani ya nyufa, na mvua inaporudi tabaka la chini hukosa nafasi ya kuvimba, likasukuma juu na kando. Ndiyo maana mchimbaji wa shimo hukuta nyuso zilizoinama, laini na zinazong'aa kama zilizopigwa msasa, na uwanda wenyewe mara nyingi huwa na vishimo na vinundu. Mfumo wa kimataifa umeupa udongo huu jina la vatisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Weusi wake umewadanganya wengi: mboji iliyomo mara nyingi ni kidogo, ila imefungamana sana na mfinyanzi.

Si kila mbuga ni sawa, na hapa ndipo hoja ya makala haya inapoanzia. Pale kalisiamu inapotawala, udongo hushikana katika mabonge na nyasi humea vizuri. Pale sodiamu inapozidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika ndani ya maji na kuziba vitundu vyote. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1954 uliweka mpaka unaotumika hadi leo: sodiamu ikishika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi za kubadilishana madini katika udongo, huo ni udongo wa sodiamu, na kwa kawaida pH yake hupita 8.5. Juu yake hujitengeneza gamba gumu, maji hayazami, mbegu hazioti. Tokeo ni upara, kiwanja kilichokauka katikati ya nyasi. Upara huo haupaswi kuchanganywa na maeneo ya chumvi ya pwani, kwenye mikoko na mashamba ya chumvi ya Tanga, ambako chumvi imeletwa na bahari.

Amani, 1902–1942

Ajabu ni kwamba udongo wa nchi kavu ulipata nadharia yake katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi za Tanga. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia huko Amani mwaka 1902. Katika enzi hiyo Paul Vageler alichapisha uchunguzi wa uwanda wa Mkata mwaka 1910 na wa Ugogo mwaka 1912. (Mkata hiyo ni ya Morogoro, msomaji asiichanganye na Mkata ya Handeni.) Baada ya vita vya kwanza taasisi ilififia, kisha Waingereza wakaifufua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima.

Aliyekuja kuwa mkemia wa udongo wa kituo hicho mwaka 1928 alikuwa Geoffrey Milne. Mwaka 1932 wakemia wa udongo wa Afrika Mashariki walikutana Amani kujadili namna ya kupanga na kuchora aina za udongo wa eneo hili. Tatizo lao lilikuwa la kiutendaji: ukitembea kilomita moja kutoka kileleni hadi bondeni unavuka udongo mwekundu, kisha wa kijivu au wa kichanga, kisha mweusi, na kilima kinachofuata kinarudia mpangilio uleule. Ramani ya nchi nzima haiwezi kuonyesha kila ukanda. Mwaka 1935 Milne alipendekeza mfululizo huo wote uhesabiwe kuwa kitu kimoja, akauita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki, aliyoitayarisha pamoja na wenzake wa makoloni jirani, ilitoka mwaka 1936. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ya kukagua udongo wa Tanganyika, ya Desemba 1935 hadi Februari 1936, ilichapishwa mwaka 1947.

Dhana ya katena imesifiwa kama mchango wa Afrika Mashariki kwa sayansi ya dunia, na sifa hiyo inastahili. Lakini mwanahistoria ana jambo la kuongeza. Wakulima na wafugaji wa Tanganyika walikwisha kuigawa miteremko yao kwa majina. Wasukuma, kwa mfano, walikuwa na luseni kwa udongo wa kichanga, ibambasi kwa udongo mgumu wa sodiamu, na mbuga kwa mfinyanzi mweusi wa chini, na kila jina lilikuwa na matumizi yake. Sayansi ilichukua jina la mwisho na kuliingiza katika vitabu. Maarifa ya matumizi yaliyokwenda pamoja na jina hayakusafiri nalo.

Ardhi iliyokataliwa na mkonge

Kipimo kilichotawala Tanga wakati huo kilikuwa kingine. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikasalia 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga. Ulifika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mashamba yaliifuata reli, yakichagua udongo unaopitisha maji, kwa kuwa mkonge hauvumilii mizizi kukaa majini. Mbuga ilikataliwa. Kwa maoni yangu, hukumu hii ya zao moja ndiyo iliyogeuka taratibu kuwa hukumu juu ya ardhi yenyewe: kisichofaa kwa mkonge kikahesabiwa hakifai kwa lolote, na nchi isiyo na shamba ikaitwa tupu.

Kwa mfugaji hesabu ni tofauti. Mfinyanzi usiopitisha maji ndio unaotunza vidimbwi wakati wa mvua, hivyo ng'ombe wanaweza kukaa nyikani mbali na mito. Vidimbwi vikikauka, mifugo hurudi kwenye mito ya kudumu au kwenye vilima. Nyasi za mbuga zina madini mengi kwa sababu ileile iliyotajwa juu: mali ya milimani imeteremkia huko.

Mkomazi

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha pori la akiba la Mkomazi, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000, sehemu yake ya mashariki ikiwa upande wa Tanga. Baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki. Kwa miongo iliyofuata hoja ya uharibifu wa malisho ilikua, na mwaka 1988 wafugaji wote waliondolewa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri lao likafika hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa: mbuga kwa maana ya leo.

Katherine Homewood na Daniel Brockington (1999) walihoji uzito wa ushahidi wa uharibifu huo. Makala haya yanaongeza swali moja la udongo. Upara unaosababishwa na kwato na meno ya mifugo, na upara unaosababishwa na sodiamu, huonekana vilevile kwa mtu aliye ndani ya gari. Hata hivyo asili zake ni tofauti, na mwenendo wake baada ya mifugo kuondoka unatarajiwa kuwa tofauti: wa kwanza huweza kupona mvua zikiwa nzuri, wa pili hubaki. Nao ungekuwapo hata kama asingepita ng'ombe. Hii haimaanishi kwamba mifugo haikudhuru popote. Kwato juu ya gamba la sodiamu huzidisha mmomonyoko, na mtafiti mwaminifu hawezi kulificha hilo. Inamaanisha kwamba kila taarifa ya ukaguzi inayohesabu viwanja vitupu bila kutaja aina ya udongo haiwezi kutumika kama ushahidi dhidi ya wafugaji wala kwa niaba yao.

Kipimo cha awali hakihitaji maabara. Bonge kavu la udongo, dogo kama punje ya mahindi, linawekwa kwenye glasi ya maji ya mvua na kuachwa bila kutikiswa. Likivunjika lakini maji yakabaki meupe, sodiamu haitawali. Likizungukwa na wingu la tope lisilotuama, inawezekana sana kwamba inatawala, na hapo sampuli inafaa kupelekwa Mlingano, Muheza, kwenye kituo cha utafiti wa udongo, kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu aliyepaharibu mahali hapo. Kipimo hicho kinaweza kufanywa katika siku ileile ya mahojiano, mzee anayehojiwa akiwapo, na akiulizwa jina la udongo huo kabla bonge halijatiwa majini.