Jina la Cadenhead katika Historia ya Upimbwe

Mnamo Juni 1880, raia wawili wa Uingereza, Kapteni Carter na mwenzake Cadenhead, waliuawa Upimbwe, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi. Walikuwa wametoka Karema, kituo cha Wabelgiji kwenye Ziwa Tanganyika, walipokumbwa na shambulio la majeshi ya Mirambo wa Unyamwezi na mshirika wake Simba. Mwaka uliotangulia, Carter alikuwa ameongoza msafara wa tembo wanne wa Kihindi kutoka Msasani kwa gharama ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ni tembo mmoja tu, Pulmalla, aliyefika Karema.

Majina ya watu hao yana asili mbili tofauti. Carter ni jina la kazi lililoenea sana Uingereza. Maana yake ni mwendesha mkokoteni. Cadenhead ni jina adimu lenye asili ya Uskoti. Lilitokana na ardhi iliyo kwenye chimbuko la kijito cha Caddon, eneo la Selkirk, ingawa baadaye lilijulikana zaidi upande wa Aberdeen. Msomaji anayelifasiri neno kwa neno atapata “kichwa cha Caden”, nayo maana itampotea. Katika majina ya mahali ya Uskoti, kichwa cha mto ni mahali unapoanzia. Ndiyo maana kijito hichohicho kina pia Caddonfoot, yaani “mguu wa Caddon”, mahali kinapoungana na Mto Tweed. Kiswahili hakiupi mto kichwa wala mguu: huusemea chanzo au chimbuko, na mwishoni huupa mdomo au mlango.

Jina Cadenhead, basi, lilianza kama maelezo ya mahali, likawa utambulisho wa mtu aliyetoka huko, kisha likarithiwa na wazao ambao huenda hawakukiona kijito hicho. Katika Kiswahili, uhusiano wa mtu na mahali hudhihirishwa na viambishi: Mpimbwe ni mtu, Wapimbwe ni watu, Upimbwe ni nchi. Mzizi ni mmoja, na maana haijifichi.

Jina la mkoa wenyewe lilifuata njia ya kinyume. Katika simulizi za Wabende na Wapimbwe, Katabi ni mzimu. Jina lake likapewa ziwa, kisha hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1974, na hatimaye mkoa ulioundwa 2012. Huko Uskoti mahali palimpa mtu jina. Hapa mzimu ulipapa mahali jina.

Hivyo, kifo cha Cadenhead kinapotajwa katika historia ya Mirambo, jina lake lisichukuliwe kuwa sauti tupu ya kigeni. Ni kumbukumbu ya chimbuko la maji, iliyobebwa na mtu hadi nchi ambayo nayo ilikuwa na majina yake, na maana zake.