Njiti Tatu za Kiberiti

Usiku wa Novemba 28, 1943, mjini Tehran, Winston Churchill alishika njiti tatu za kiberiti akamwonyesha Stalin jinsi Poland inavyoweza kusogezwa magharibi: Warusi wachukue mashariki yake, nayo ifidiwe ardhi ya Ujerumani. Kisa hiki tunakipata kwake mwenyewe, katika juzuu ya tano ya historia yake ya vita, iliyotoka 1951. Anakisimulia kwa wepesi wa mtu anayekumbuka karamu, na hasahau kutuambia kwamba Stalin alifurahi. Mpolandi hakuwemo chumbani.

Juzuu ya sita ina kisa pacha. Moscow, Oktoba 1944, Churchill anasukuma mezani nusu karatasi: Romania asilimia 90 kwa Urusi, Ugiriki 90 kwa Uingereza, Yugoslavia nusu kwa nusu. Stalin anaitia tiki kwa penseli ya bluu. Churchill anapendekeza ichomwe. Stalin anamwambia aitunze. Huu ni ufundi wa msimulizi mshindi: anakiri kidogo ili aaminiwe katika mengi.

Rais Roosevelt wa Marekani, mkuu wa tatu katika mkutano wa Tehran, alifariki Aprili 1945 bila kuandika kitabu cha aina hiyo. Wamarekani wanazo kumbukumbu rasmi za vikao, na zile za Tehran zilichapishwa 1961. Lugha yake ni kavu kama ya karani, lakini inauma kuliko madoido ya Churchill. Humo Roosevelt anamwambia Stalin faraghani kwamba anaafiki mpaka usogezwe, ila hawezi kulisema hadharani: uchaguzi wa 1944 unakuja, na Marekani ina watu milioni sita hadi saba wenye asili ya Poland. Moscow nayo, mwaka 1957, ilitoa barua za Stalin na wakuu wenzake. Ni barua tu, maongezi ya mezani hayamo, hivyo njiti nazo hazimo.

Sasa mfungue Jenerali Władysław Anders. Kumbukumbu zake za 1949 zina jina la Kipolandi lenye maana ya “Bila Sura ya Mwisho”. Alikuwa mfungwa wa Wasovieti hadi Agosti 1941, kisha akaunda jeshi kutoka kwa Wapolandi waliokuwa wamepelekwa Siberia na kwingineko. Mei 1944 jeshi hilo liliteka Monte Cassino, nchini Italia. Wengi wa askari wake walitoka mashariki ile ile iliyokwisha kutolewa Tehran. Mkutano wa wakuu hao huko Yalta, Februari 1945, ulipotangaza mpaka huo, Anders alimwendea Churchill; kwa maelezo yake, aliambiwa kwamba askari wake hawahitajiki tena.

Jamaa za askari hao tuliishi nao hapa Afrika Mashariki. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na kambi ya Wapolandi wapatao 5,000. Uganda walikaa Masindi na Koja. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo.

Mapokeo ya wahamishwa nayo yana upofu wake. Wapolandi waliililia Lwów, iliyokuwa katika mashariki ile iliyotolewa, kama mji wao, ilhali Waukraine walioizunguka walikuwa na madai yao. Hata hivyo, kati ya maandishi haya yote, ningempa msomaji Anders kwanza, ndipo Churchill, kwa sababu ni Anders peke yake aliyelipa gharama ya mpaka anaousimulia. Serikali mpya ya Warsaw ilimvua uraia 1946. Alifariki London mwaka 1970, akazikwa Monte Cassino pamoja na askari wake.