Konda Asiye na Jina: Mtu Aliyepanga Usafiri wa Dar Bila Kusoma Uhandisi

Kila mtu Dar anaijua sauti yake, ila hakuna anayejua jina lake. Noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani zilie, mguu mmoja uko ndani ya gari na mwingine unaning'inia hewani. Akigonga bodi, gari linasimama. Akigonga tena, linaondoka. Abiria wakibanana kama dagaa yeye bado anaona nafasi: "Songa nyuma huko, gari tupu hili!"

Huyo ni konda wa daladala. Kwenye vitabu vya historia ya jiji utamtafuta usimpate. Wapo viongozi, wapo wakoloni, wapo wataalamu waliokuja na ramani zao. Yeye hayupo. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto anaamka saa 10 alfajiri kuwahi kazi ya saa 2 asubuhi, stori yote inapita mlangoni kwake.

MJI WA VIDOLE VINNE

Kabla ya konda, palikuwa na ramani.

Fungua kiganja chako ukiangalie. Dar imejengwa hivyo hivyo. Katikati ni Posta, Kariakoo na bandari. Kutoka hapo zinachomoka barabara kuu 4 kama vidole: ya Bagamoyo inakwenda kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Pugu (leo inaitwa Nyerere) inapita uwanja wa ndege, na ya Kilwa inashuka kusini. Ukitaka kutoka kidole kimoja kwenda kingine, kwa miaka mingi ilibidi kwanza urudi kwenye kiganja.

Haikutokea hivyo kwa bahati mbaya. Wakoloni waliupanga mji kwa mafungu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kwa waliobaki. Mpango wa mji wa 1949 uliendeleza mgawanyo huo huo. Ofisi na bandari zikawa upande mmoja, wafanyakazi wakalala upande mwingine. Asubuhi watu wote wanaelekea kulekule, jioni wote wanarudi. Mbegu ya foleni ilipandwa siku hiyo, wakati magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Baada ya uhuru ikaja mipango mingine mikubwa, mmoja wa 1968 na mwingine wa 1979. Shida ni kwamba mpango ulikuwa unatembea kwa miguu, mji unakimbia. Sensa ya 1967 ilikuta watu kama 273,000 Dar. Sensa ya 1978 ikakuta zaidi ya 750,000. Yaani ndani ya miaka 11 mji umekua karibu mara 3!

Sasa, mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi akifika kwenye somo la mipango ya usafirishaji, anakutana na maswali 4. Safari ngapi zinaanzia wapi? Zinaelekea wapi? Watu watatumia chombo gani? Na watapita njia ipi? Huo ndio msingi wa somo lenyewe. Kuna hesabu ndefu humo ndani, kuna programu za kompyuta, lakini ukikwangua kila kitu unabaki na maswali hayo 4.

Shika maswali hayo vizuri, maana kuna mtu aliyajibu kwa kupiga kelele tu.

DALA! DALA!

Mwaka 1974 jiji lilipata shirika lake la mabasi, UDA. Wazee wa mjini bado wanayakumbuka Ikarus marefu yenye kiungo katikati, waliyoyabatiza kumbakumba kwa sababu yalikuwa yanazoa watu kituo kizima. Njia zilipangwa ofisini, nauli ikapangwa ofisini, na binafsi hakuruhusiwa kubeba abiria kwa pesa.

Halafu mambo yakaharibika mfululizo. Mafuta yakapanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na pesa za kigeni zikakauka. Basi likiharibika linangoja spea ambayo haiji, mengine yanakatwa vipuri kulisha mengine. Vituoni watu wakawa wanasubiri mpaka wanakata tamaa, wanatembea.

Hapo ndipo wakatokea watu wasio na majina. Mwenye pikapu anabeba watu kimyakimya, mwenye basi dogo naye anaiba ruti. Ilikuwa kosa. Ukikamatwa umeumia, kwa hiyo abiria wengine walikuwa tayari kusema "huyu ni shemeji yangu, ananipa lifti" ili dereva asilale ndani. Mji mzima ulikuwa unavunja sheria ili ufike kazini.

Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani ikiitwa dala. Makonda wakasimama milangoni wanatangaza bei: "Dala! Dala!" Jina likanasa. Hakuna aliyelipitisha kwenye kikao na hakuna anayejua konda gani alikuwa wa kwanza kulipaza. Leo liko kwenye kamusi.

MAJIBU 4 BILA KALAMU

Rudi kwenye yale maswali.

Safari zinaanzia wapi? Konda alijua, kwa sababu analala hukohuko. Mtaa mpya ukiota pembezoni, hauna lami, hauna maji, hauna hata jina rasmi, gari la abiria linafika kabla ya barabara.

Zinaelekea wapi? Alijua kwamba alfajiri wanaotoka ni wachuuzi wa Kariakoo, saa 1 ni watu wa ofisi za Posta, saa 5 gari linatembea na upepo. Wahandisi wanapanga watu barabarani na karatasi kuhesabu abiria wa kila saa. Konda alihesabu kila siku, na akikosea hesabu watoto wake wanalala njaa.

Chombo gani? Barabara ikiwa ya mashimo, lilikwenda gari lenye mabenchi ambamo abiria wanatazamana uso kwa uso, lile la Chai Maharage. Baadaye vikaja vipanya, halafu Kosta. Njia ipi? Kukiwa na foleni wanachepuka uchochoroni, wanatokea mbele ya safari. Hatimaye serikali ikaja kupaka magari mistari ya rangi kuonyesha ruti, lakini nyingi ya ruti zenyewe zilishachorwa na matairi.

Sasa mbona tuliteseka?

Kwa sababu ya kitu kinaitwa hesabu ya bosi. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Kila siku kuna kiasi lazima kimfikie mwenye gari. Wanatoa hiyo, wanatoa mafuta, wanampa mpiga debe chake, kinachobaki ndio chao. Ukishalijua hili, kila kero ya daladala inajieleza yenyewe. Gari halitoki kituo cha mwanzo mpaka lijae, kwa sababu siti tupu ni hasara. Likitoka linakimbizana na la mbele yake, kwa sababu abiria wa kituo kinachofuata ni wa atakayefika kwanza. Likiona foleni linageuza njiani na kuwashusha watu, kwa sababu muda ni pesa.

Na linamwacha mwanafunzi. Huyo mtoto wa shati jeupe na begi mgongoni analipa nauli ndogo kwa mujibu wa sheria, lakini siti anayokalia ni ileile ya mtu mzima. Mbele ya hesabu ya bosi yeye ni hasara inayotembea. Ndiyo maana vizazi vya wanafunzi wa Dar wameshikwa bega mlangoni wakasukumwa chini, wakafika shule kipindi cha pili, wakachapwa kwa kuchelewa. Punguzo lake alilitoa mwingine aliye ofisini, gharama akaachiwa konda, na konda akamrudishia mtoto.

TRAFIKI NA MKONO WAKE

Kuna mwingine asiye na jina. Amevaa nguo nyeupe, amesimama kwenye makutano yenye taa zinazowaka vizuri kabisa, na anawaambia madereva wasizifuate.

Taa na polisi ni ndugu wa kitambo. Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwaka 1868, karibu na Bunge, ikawaka kwa gesi na kuendeshwa na polisi kwa mkono. Mwanzoni mwa 1869 ilimlipukia na kumjeruhi.

Trafiki wa Dar kosa lake ni kuona sehemu tu ya mchezo. Anaona foleni iliyo mbele yake, anaionea huruma, anaiachia dakika 10. Ni kweli kila ukibadilisha upande kuna sekunde zinapotea, magari yanasimama na kuanza upya, hivyo kuachia muda mrefu kunaonekana ni faida. Lakini gari za mwanzo zikishaisha, zinazofuata zinakuja moja moja, nafasi inapotea bure. Wakati huohuo upande uliozuiwa umejaa mpaka umeziba makutano ya nyuma. Mwaka 1958 mtafiti mmoja wa Uingereza alitoa kanuni ya kukokotoa mzunguko wa taa unaopunguza zaidi muda wa kusubiri, na kwa makutano mengi jibu huangukia chini ya dakika 2 au karibu na hapo.

Hata madaraja ya juu yana somo hilohilo. La Tazara lilifunguliwa 2018, la Ubungo 2021, na waliopita hapo zamani wanajua tofauti ilivyo kubwa. Ila ukifungua makutano mamoja tu, gari linawahi kufika kwenye foleni ya makutano yanayofuata.

NJIA YA PEKE YAKE

Jibu kubwa lilitoka mbali. Mwaka 1974, mwaka uleule UDA inazaliwa, mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kuyapa mabasi njia yao wenyewe katikati ya barabara. Meya wake alikuwa msanifu majengo. Bogotá ya Kolombia ikaiga 2000 kwa kishindo. Mei 2016 ikafika zamu ya Dar: mwendokasi, kilomita kama 21 kwenye kidole cha Morogoro, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Walianza na mabasi 140.

Kwa nini njia moja ya basi inapiga bao njia ya magari? Piga hesabu. Taa ikiwa kijani, gari dogo hupita takriban kila sekunde 2, sawa na magari 1,800 kwa saa. Kijani ikiwaka nusu ya muda, yanabaki 900. Weka watu 2 kila gari, ambayo ni kuwapendelea, unapata watu 1,800. Sasa chukua basi refu la mita 18 lenye watu 140 likipita kila dakika 2. Hayo ni mabasi 30 kwa saa, watu 4,200. Lami ni ileile.

Tena nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda. Ilianza shilingi 650 kwa njia kuu, mwanafunzi 200. Dereva hajui nani kalipa ngapi, na hana sababu ya kujua. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mkono mlangoni wa kumsukuma mwenye shati jeupe. Jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018.

Lakini ramani ina tabia ya kulipiza kisasi. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mto ukaja kudai mahali pake. Mvua kubwa zikinyesha barabara inafungwa, huduma inasimama. Na watu wakazidi mabasi. Vituo vikafurika, basi linapita limejaa bila kusimama, watu wanagombania milango ambayo ilijengwa ili wasigombanie.

Mwanafunzi aliyekuwa anakataliwa na konda sasa anakataliwa na basi lililojaa. Tofauti ni kwamba safari hii wamekataliwa pamoja na baba yake.

Mji wenyewe haujapunguza mwendo. Sensa ya 2022 imekuta watu milioni 5.38 Dar. Kwenye njia ya mwendokasi hakuna tena mtu mmoja anayekesha akihesabu kila kichwa kwa sababu chakula chake kinategemea hapo. Hiyo kazi lazima ifanywe na mwenye mshahara: kujua kituo gani kinajaa saa 12 na nusu, na kutuma basi tupu lianzie hapo badala ya kusubiri lalamiko. Lami bila mtu wa kuhesabu ni lami tu.

Yule konda wa 1983, kama bado yupo, ni mzee sasa. Pengine yuko kwenye foleni ya kituo fulani, ameshika kadi yake, analiangalia basi la tatu likimpita. Na bila kutaka, kichwani mwake anahesabu: hapa wako watu wangapi, wanaelekea wapi, na gari gani lingewatosha.

Wewe ulishaachwa kituoni na sare ya shule? Ruti gani ilikuwa noma kuliko zote? Na kama kuna mwanafunzi wa uhandisi humu, kituo chako cha asubuhi ulishawahi kukihesabu watu? Dondosha komenti hapo chini.