Shairi na Karatasi Yake

Aingiaye duka la vifaa vya kuandikia mjini Tokyo hukuta rafu juu ya rafu za karatasi za barua zenye picha za sungura, bahasha zisizozidi kiganja, daftari zilizopambwa kwa stroberi, na kando yake vipande vya pamba vilivyochapwa maua madogo madogo na wanasesere wa sufu wasiofika urefu wa kidole. Wageni wengi huvitazama vitu hivi kwa tabasamu lenye nusu ya dharau: vya watoto wa kike hivyo, vya kununuliwa leo na kusahauliwa kesho. Hata Japani kwenyewe wamekuwapo walimu na maafisa wa jeshi waliovidharau, na wengine wakavipiga marufuku. Lakini atakayeifuata historia yake nyuma, hatua kwa hatua, atashangaa ni mara ngapi anakutana na mshairi njiani.

Neno wanalolitumia Wajapani ni kawaii. Asili yake ni usemi wa kale wenye maana ya uso kuwaka kwa haya. Baadaye ukawa na maana ya huruma, yaani kumtazama mnyonge na moyo ukashikwa, na ni karne za karibu tu ndipo maana ya kupendeza ilipotangulia mbele. Mswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwani lugha yake mwenyewe hulibeba katika kiambishi kimoja. Kitoto ni mtoto anayebembelezwa, na kitoto hicho hicho, kwa sauti nyingine, ni mtoto asiyethaminiwa. Udogo huvuta mapenzi na hualika dharau kwa mkono mmoja, na vitu vinavyosimuliwa hapa vimeishi daima baina ya hayo mawili.

Takribani mwaka 1000, bibi mmoja wa jumba la mfalme aliyejulikana kwa jina la Sei Shonagon aliandika kitabu kiitwacho Makura no Soshi. Humo ameorodhesha vitu vinavyogusa moyo kwa udogo wake: kinda la shomoro, jani changa la yungiyungi, mtoto anayetambaa akaokota kijitaka sakafuni na kuwaonyesha wakubwa. Mahali pengine anakiri kwamba dunia inapomchosha kabisa, apatapo karatasi nyeupe safi na kalamu nzuri ya brashi hufarijika na kuona kwamba maisha bado yanavumilika. Kitabu chenyewe, kwa maelezo yake, kilizaliwa kwa sababu ya karatasi: bibi yake, malkia Teishi, aliletewa shehena ya karatasi na kaka yake, Korechika, na Sei akapewa aijaze.

Katika jumba lile karatasi haikuwa chombo tu. Mashairi yalipelekwa kama barua, na mpokeaji aliyapima kabla ya kuyasoma. Alitazama rangi ya karatasi kama inaafiki majira, namna ilivyokunjwa, na tawi lililofungwa nayo, ikiwa la mplamu au la msonobari. Beti nzuri juu ya karatasi isiyofaa ilikuwa aibu kwa mtungaji. Ladha hiyo haikufa pamoja na makabaila wale. Zama za Edo ilishuka hadi kwa wafanyabiashara wa mjini, waliokuwa wakinunua chiyogami, karatasi zilizochapwa kwa vibao vilivyochongwa, zikiwa na nakshi ndogo zinazorudiwarudiwa, kwa ajili ya kufunikia vijisanduku na kutengenezea wanasesere.

Mtu aliyeichukua ladha hiyo na kuileta katika karne ya 20 ni Takehisa Yumeji, aliyezaliwa Okayama mwaka 1884. Yumeji alitaka kuwa mshairi. Alieleza mwenyewe kwamba mashairi yake hayakumletea mkate, akajaribu kuyatunga kwa picha badala ya herufi, na picha zikanunuliwa. Kitabu chake cha kwanza cha michoro, cha mwaka 1909, kilipendwa mno na vijana. Wanawake wake ni wembamba, wenye macho makubwa na shingo iliyoinama kidogo, na kila mmoja anaonekana kama aliyepokea barua asiyotaka kuimaliza. Walimu wa sanaa za vyuoni hawakumhesabu.

Mkewe, Kishi Tamaki, alikuwa na duka la kadi za posta huko Waseda, na hapo ndipo walipoonana. Kadi za picha zilikuwa zimeshika kasi nchini baada ya vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905. Ndoa haikudumu, waliachana mwaka 1909, lakini watoto walikuwapo na riziki ilitakiwa. Oktoba 1914 likafunguliwa duka dogo mtaa wa Nihonbashi, likaitwa Minatoya, na Tamaki ndiye aliyelisimamia. Humo viliuzwa vitu ambavyo Yumeji alivichora mwenyewe: chiyogami, karatasi za barua, bahasha, vitambaa vya kufungia mizigo, kosi za kimono, miavuli. Nakshi zake zilikuwa uyoga, viberiti, maua ya porini, ndege wa uani, vitu ambavyo hakuna mchoraji wa heshima aliyedhani vinastahili wino. Wasichana walimiminika. Wachoraji vijana kama Onchi Koshiro nao walifika, wakapata ukuta wa kutundika kazi zao.

Duka halikudumu miaka mingi. Mwaka 1923 Yumeji alijaribu tena, safari hii kwa kampuni ya usanifu aliyotaka iingize uzuri katika matangazo na vitu vya kila siku, lakini tarehe 1 Septemba tetemeko kubwa liliibomoa Tokyo na mpango ukafia hapo. Alitembea katika magofu akichora alichokiona. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe hiyo hiyo ya 1 Septemba, mwaka 1934.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana wakati uo huo vitambaa vya Japani vilikuwa vikifika upande wetu wa bahari. Katika miaka ya 1930 viwanda vya pamba vya nchi hiyo viliuza nguo kwa wingi Afrika Mashariki, kwa bei ambayo Waingereza hawakuiweza, na kanga zikawa miongoni mwa nguo hizo, biashara iliyoendelea hata baada ya Vita Vikuu vya Pili. Methali na mafumbo ya bibi za Unguja na Mombasa yalichapwa na mafundi wasiojua herufi moja ya Kiswahili, nao waliyachapa kwa uangalifu. Atakayeuliza kwa nini Mjapani aweke maneno ya kishairi kwenye kitambaa au kijikaratasi cha duka huenda amekaa juu ya jibu, au amejifunga kiunoni.

Aliyerithi kazi ya Yumeji ni Nakahara Jun'ichi, aliyezaliwa mwaka 1913. Alianza kwa wanasesere wa kitambaa. Mwaka 1932, akiwa bado kijana wa miaka 19, alionyesha kazi zake katika duka kubwa la Ginza. Kutoka hapo akaitwa na Shojo no Tomo, jarida la wasichana lililoanzishwa mwaka 1908, naye akawa mchoraji wake mkuu. Jarida hilo lilikuwa na desturi ya kuambatisha zawadi za karatasi, na moja inafaa kutajwa mbele ya wapenzi wa ushairi: mwanzoni mwa 1939 wasomaji walipata seti ya karata zenye mashairi ya Ishikawa Takuboku, mshairi aliyekufa masikini mwaka 1912 akiwa na miaka 26, kila moja ikipambwa na Nakahara. Wasichana walicheza karata hizo wakati wa mwaka mpya na kuyahifadhi mashairi pasi na kulazimishwa na mwalimu yeyote.

Mwaka 1940 dola ilikuwa imekwishazama vitani nchini China. Wakuu wa jeshi hawakuwataka wasichana wa Nakahara. Walikuwa wembamba mno, wenye huzuni mno, na macho yao hayakutazama bendera. Jarida likashinikizwa, naye akaondolewa. Ni jambo la kuzingatia: serikali yenye manowari na ndege iliona kwamba picha ya msichana kwenye jalada ni hatari. Wenye kudai kwamba vitu hivi ni upuuzi hawakuwahi kuvihofia kiasi hicho, na wenye kuvihofia walikuwa wameelewa zaidi.

Vita vilipokwisha, Tokyo ilikuwa majivu. Mwaka 1946 Nakahara akatoa jarida lake mwenyewe, Soreiyu, na mwaka uliofuata jingine la wasichana, Himawari, yaani alizeti. Nchi ilikosa chakula, naye aliwafundisha wasomaji kushona kiraka kiwe ua, kugeuza kimono kilichochakaa kiwe gauni, kutengeneza mwanasesere kwa vipande vilivyobaki. Waliomlaumu kwamba watu wenye njaa hawahitaji mapambo walikuwa na hoja. Lakini majarida yalinunuliwa.

Katika kazi za mikono za miaka iliyofuata felti ilipata nafasi ya pekee. Felti si kitambaa cha kufumwa. Ni sufu iliyoloweshwa, ikashindiliwa na kusuguliwa mpaka nyuzi zikashikana. Kwa kuwa haina mtande wala mshindo, ukingo wake hauchambuki, na mtoto wa miaka 8 aweza kuikata kwa mkasi na kuishona bila pindo. Japani ya kale haikuwa nchi ya kondoo, na felti ilikuwa kitu cha thamani kutoka ng'ambo: katika ghala la Shosoin mjini Nara, ambalo hazina zake za kwanza ziliwekwa wakfu mwaka 756, yamo mazulia ya felti yenye maua, yaliyoletwa kutoka bara. Kilichokuwa cha mfalme sasa kikawa kijisungura cha kuning'inizwa kwenye mkoba wa shule.

Tsuji Shintaro alizaliwa Kofu, mkoa wa Yamanashi, mwaka 1927. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto, akalelewa kwa jamaa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai 1945, siku ambayo kwa kawaida watoto wa Kijapani hufunga vijikaratasi vya dua kwenye mianzi kwa sikukuu ya nyota, ndege za Marekani ziliichoma Kofu na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Tsuji alikuwamo mjini, akaokoka. Alisomea kemia, akaajiriwa na serikali ya mkoa, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni ndogo ya kuuza hariri ya Yamanashi. Hariri haikumtajirisha. Aligundua kwamba ndara za mpira zikipambwa ua hununuliwa kuliko ndara zilezile zisizo na ua, kisha akaweka stroberi juu ya vitu vidogo, na stroberi ikapendwa.

Lililo la ajabu ni kwamba mwaka 1966 kampuni hiyo ya vikombe na leso ilichapisha kitabu cha mashairi. Mtunzi wake alikuwa Yanase Takashi, mchoraji aliyetumikia jeshi nchini China akaijua njaa, na ambaye ndugu yake wa pekee alipotea baharini mwaka 1944. Kitabu kilinunuliwa kuliko walivyotarajia, na kampuni ikawa mchapishaji. Mwaka 1973 ikabadili jina ikawa Sanrio, na mwaka huo huo Yanase akawa mhariri wa jarida jipya, Shi to Meruhen, yaani "Mashairi na Hekaya". Watu wasiojulikana, wauguzi, wanafunzi, wenye maduka, walituma mashairi yao, naye aliyachagua na kuwapa wachoraji wayatilie picha. Jarida liliendelea kwa miaka 30. Mwaka 1973 pia kilitoka kitabu chake cha picha juu ya shujaa ambaye kichwa chake ni mkate wa maharagwe matamu, naye humega uso wake na kumlisha mwenye njaa.

Paka maarufu asiye na mdomo, Hello Kitty, alichorwa mwaka uliofuata, na mwaka 1975 akatokea juu ya kipochi cha sarafu. Habari zake zinajulikana dunia nzima na hazihitaji kurudiwa. Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka huo wa 1975 Tsuji alianzisha gazeti la wateja wake, Ichigo Shimbun, na humo akawaandikia watoto barua kila mwezi kwa jina la Mfalme wa Stroberi. Katika baadhi ya barua hizo aliwasimulia Kofu ilivyoungua.

Wateja nao walikuwa wameanza kuandika kwa namna yao. Kuanzia kati ya miaka ya 1970 wasichana wa shule, wakitumia penseli za kubonyeza zenye ncha nyembamba, waliziviringisha herufi, wakaandika kutoka kushoto kwenda kulia badala ya juu kwenda chini, wakatia nyota na mioyo katikati ya maneno. Hakuna aliyewafundisha. Yamane Kazuma, aliyeuchunguza mtindo huo na kutoa kitabu mwaka 1986, aliona kwamba ulienea nchi nzima kutoka kwa wasichana wenyewe, wala haukuletwa na matangazo ya kampuni. Baadhi ya shule ziliupiga marufuku, na karatasi za mtihani zilizoandikwa hivyo zikakataliwa kusahihishwa. Bila shaka kuzisoma kulichosha. Lakini walimu wale walisahau kwamba hiragana, herufi walizozitetea, ziliwahi kuitwa "mkono wa wanawake", na wanaume wasomi wa zama za Sei Shonagon waliziona hazifai kwa mambo ya maana.

Shi to Meruhen lilifungwa mwaka 2003. Yanase alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 94, na Tsuji akamwachia mjukuu wake uongozi wa kampuni mwaka 2020. Katika milima ya Kochi, kisiwani Shikoku, yako majengo mawili ya ukumbusho wa Yanase, karibu karibu. Kubwa, la mwaka 1996, ni la shujaa wa mkate, na watoto hujaa humo. Dogo, lililofunguliwa mwaka 1998, limepewa jina la jarida, na humo huonyeshwa picha zilizochorewa mashairi ya watu wasiojulikana.